Mtaro wa Kona ya Pili

Februari 1979 wilaya za Ngara na Biharamulo zilishindana riadha pamoja, katika uwanja wa shule moja mjini Biharamulo. Wasichana wawili wa kwanza katika mita elfu moja na mia tano wangepelekwa kambi ya mazoezi Tabora hadi Juni. Kalista, mwanafunzi wangu wa darasa la saba, hakuzungumzia medali.

"Mwalimu, Tabora kuna mahandaki?" aliniuliza njiani.

Nikamjibu kwamba sijasikia.

"Basi huko ndege haziji. Nitakwenda," akasema.

Shuleni kwetu, karibu na Kabanga, kila darasa lilikuwa limechimba handaki lake tangu vita vianze. La darasa la saba lilikuwa nyuma ya goli la kaskazini. Ndege ikisikika, amri ilikuwa moja: usilale chini, usitazame juu, kimbia hadi handaki lako. Mimi ndiye niliyesimamia zoezi hilo, mara mbili kwa wiki, na Kalista alikuwa wa kwanza kufika kila mara.

Mbio zilianza saa nne asubuhi, mizunguko mitano. Katika mzunguko wa tatu Kalista alikuwa akiongoza kwa hatua kumi, mabega yametulia. Ndipo tukasikia ndege. Hatukuiona, mawingu yalikuwa chini. Wenyeji walikuwa wamefundishwa kulala kifudifudi, na wakimbiaji wengine wote wakajitupa palepale njiani. Waamuzi pia. Mimi pia. Katika kujitupa nikaizima saa ya kupimia bila kujua.

Kalista peke yake alibaki wima. Aliacha njia, akakata katikati ya uwanja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake, hadi nyuma ya goli la kaskazini. Palikuwa na nyasi tupu. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kucha.

Ndege ilipita, haikurudi. Hadi leo sijui ilikuwa ya nani.

"Wa Ngara kaamua kurudi kwao kwa miguu," alisema Secilia, mkimbiaji wa Biharamulo, akijipangusa vumbi. Wenzake walicheka, lakini kidogo tu, na macho yao yalikuwa bado mawinguni.

Mwamuzi mkuu, Mwalimu Bonifasia, aliamuru mbio zirudiwe saa kumi. "Mwalimu Gervasi, mtoto wako ametoka njiani, na kanuni inaniruhusu kumwondoa," aliniambia. "Lakini nilikuwa nimefukia uso kwenye majani. Siwezi kumhukumu kwa nisichokiona."

Kalista alikataa kukimbia mpaka aonyeshwe pa kujificha.

"Nikijua ni wapi, Mwalimu, sitaogopa."

Niliona hoja hiyo ina mantiki. Tulipata mtaro wa maji ya mvua nje ya kona ya pili, wenye kina cha kiuno. Akaingia, akachuchumaa, akatoka.

"Unatosha," alisema.

Nilipima: hatua kumi na nne kutoka njiani.

Saa kumi walianza tena. Safari hii nilipima kila nusu ya mzunguko. Kuelekea mtaro, hakuna aliyemkaribia. Akishaupita, alichelewa sekunde tatu, mzunguko uliofuata nne, kisha sita, shingo imegeuka nyuma. Katika mzunguko wa mwisho alifika kona ya pili akiwa mbele kwa hatua ishirini. Zilibaki mita mia moja. Secilia akampita, kisha msichana mwingine. Kalista akamaliza wa tatu.

Nilimkuta mstarini. Hakuwa akihema, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nguvu ulikuwa nazo," nilimwambia.

"Nilikuwa nazo."

"Sasa?"

"Miguu haikutaka kuuacha mtaro, Mwalimu."

Lori la kurudi Ngara lilipowashwa, alisubiri wote wapande kwanza. Aliomba akae nyuma kabisa, penye mlango wa bodi, mahali rahisi pa kuruka. Nilimruhusu, nami nikakaa kando yake.