Ndugu wa Jikoni

Filemon hakuwa na wafanyakazi. Alilisema hilo mwenyewe, kwa sauti, amesimama mlangoni mwa hoteli yake pale Majengo, tumbo limemtangulia: "Hapa hakuna bosi wala boi. Hapa sote ni ndugu."

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha, kila mtu alipokuwa ndugu wa mwenzake, hata aliyekukanyaga kwenye foleni ya sukari. Na Filemon alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Kiongozi kuajiri watu ulikuwa unyonyaji. Kuwa na ndugu halikuwa kosa.

Basi ndugu waliamka alfajiri, ndugu wakachota maji, ndugu wakamenya ndizi na kusugua masufuria, na jioni Ndugu Filemon peke yake akafunga droo ya pesa. Udugu uliishia kwenye droo.

Mwantumu alikuwa ndugu wa jikoni. Mama yake alitoka Pangani, yeye kazaliwa hapo hapo Majengo, lakini mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulikuwa unawashusha Wachagga kutoka mlimani wakidai wamekuja mjini kwa shughuli nyingine. Mumewe alikuwa amekwenda Mtwara na lori, na lori likarudi bila yeye. Watoto walikula kwa mikono yake tu. Alipojifungua wa mwisho alipumzika, kisha akarudi kazini na mtoto mgongoni. Akamkuta Yuditha, binti wa kaka yake Filemon, anakoroga sufuria.

"Nafasi imejaa, dada," Filemon akasema. "Nenda ukalee mtoto."

"Nilikuwa likizo ya uzazi, ndugu. Sheria inasema narudi kazini."

"Sheria ni ya wafanyakazi. Wewe ni ndugu yangu."

Mwantumu hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Afisa Kazi, Ndugu Remigius, mtu mkavu asiyecheka. Remigius akawaita wote wawili mbele ya meza yake.

"Huyu tumemlea," Filemon akaanza. "Alipojifungua nilimpelekea bakuli la mtori. Nani anampelekea mfanyakazi mtori?"

"Mtori ule niliupika mimi," Mwantumu akasema, "asubuhi ya siku niliyoshikwa na uchungu."

"Ndugu wa chama au wa damu?" Remigius akauliza. "Maana wa chama hata mimi ni ndugu yako, na sijawahi kukumenyea ndizi."

Filemon akapiga hesabu. Akisema wa chama, basi ana mwajiriwa; akiwa na mwajiriwa, uenyekiti kwaheri.

"Wa damu," akasema. "Dada yangu. Kwa baba."

"Sawa. Mambo ya ukoo hayanihusu. Alhamisi ulete mtu wa ukoo wako athibitishe, nifunge faili."

Mwantumu akatoka pale. Kazi imekwenda, na imekwenda kwa uongo wa kitoto. Akapita sokoni, penye kina mama wa Machame, kule mlimani kwao Filemon, wanaouza ndizi, akakaa chini kando yao.

"Vipi, Mwantumu, mbona hivyo?"

"Nimepata baba, jamani."

"Baba yupi ukubwani huku?"

"Marehemu baba yake Filemon. Filemon kasema mwenyewe mbele ya serikali."

"Yule mzee wa kanisa?"

Siku hiyo ndizi ziliuzwa bei ya kutupa, kila mmoja akitaka kuwahi basi la kupanda mlimani.

Alhamisi Filemon alikuja na binamu mmoja aliyevaa koti, tayari kuapa lolote. Binamu alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo, mlango ukasukumwa kwa ncha ya mwavuli. Aliingia Bibi Eliaichi, mama yake Filemon. Binamu akakumbuka kwamba ng'ombe wake hajakatiwa majani. Hakuonekana tena.

"Shikamoo mama," Mwantumu akasema.

"Marahaba mwanangu. Usiniite mama!" Bibi akamgeukia mwanawe. "Filemoni. Baba yako alimzaa huyu lini? Alipokuwa akishuka kununua chumvi, au alipokuwa akishuka kwenye mikutano ya kanisa?"

"Mama, haya ni mambo ya ofisi..."

"Wewe binti, mama yako alimjua mume wangu?"

"Mimi sijui, mama," Mwantumu akajibu kwa adabu zote. "Anayejua ni kaka."

Filemon akamtazama Afisa. Afisa alikuwa akichonga penseli.

"Baba yako amelala kwenye migomba pale nyumbani," Bibi akasema, sauti imeshuka. "Jioni nitapita kaburini kwake. Nimwambie nini?"

"Ni mfanyakazi wangu," Filemon akanong'ona.

"Sijasikia," akasema Remigius.

"Mfanyakazi! Nimemwajiri mimi!"

"Na wale wengine pale hotelini?" mama yake akauliza. "Na wao ni wa baba yako?"

"Wafanyakazi! Wote wafanyakazi!"

Remigius akaandika kila neno, akamwamuru amrudishe Mwantumu kesho yake. Habari zilifika kwenye tawi la chama kabla Filemon hajafika.

Asubuhi Mwantumu akaingia jikoni, mtoto mgongoni. Yuditha alikuwa kwenye karai la vyombo.

"Kwa hiyo wewe sasa ni mfanyakazi, dada."

"Ndiyo."

"Una likizo. Na akikufukuza unakwenda kwa Afisa."

"Nakwenda."

Yuditha akachukua sahani nyingine. "Mimi baba yangu na yeye ni tumbo moja. Mimi ni ndugu kweli. Nitakwenda kwa nani?"

Mwantumu akachukua mwiko. Kule mbele Filemon akaita.

"Ndugu Mwantumu, tafadhali, mtori bakuli mbili, ukipata nafasi." Halafu sauti ikapanda: "We Yuditha! Mwanangu! Umelala?"