Pua ya Kina Nani

Kalekye alitoka Zombe na kuku mmoja na mafua aliyoyaita vumbi. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amepewa jina lake, kama ilivyo desturi, na wajina hatazamwi kwa mbali. Alimpakata, akamgusisha pua kwa pua, akapiga chafya pembeni. Pembeni kidogo.

Kesho yake akafika Wayua kutoka Makueni, mama mzazi wa Mutindi, mkamwana wa Kalekye, akikohoa. Naye alisema ni vumbi. Mwaka huo vumbi lilisingiziwa mengi.

"Jina mlichukua," Wayua alisema akimbusu mtoto. "Lakini hii pua ni yetu. Angalia vizuri."

"Pua gani? Hiyo ni ya Zombe, muthoni," Kalekye akamjibu mkwe mwenzake.

Wakazozana hivyo siku kadhaa, mzaha wenye meno. Kisha pua yenyewe ikaziba. Mtoto wa miezi miwili akakataa kunyonya, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Mutindi akambeba mbio hadi hospitali ya Kitui, nyanya wawili nyuma yake wakilaumiana njia nzima.

Kalekye hakuwa na shaka yoyote. Nyani haoni kundule, na Kalekye aliliona la Wayua tu. Daktari alipochukua kamasi ya mtoto kwa kijiti cha pamba ikapimwe, aliomba Mungu amponye mtoto na kipimo kimuumbue Wayua. Kanisani alikuwa mama wa maombi, na hakuona ubaya kuyaweka yote mawili katika sala moja.

Majibu yakatoka.

"Mtoto ako na virusi mbili pamoja," daktari alisema. "Moja ni ya flu. Ingine inaitwa RSV, hiyo inashika kifua ya watoto wadogo. Nani alikuwa na homa kwa nyumba?"

Hakuna aliyesema vumbi.

"Sasa daktari," Kalekye akauliza polepole, "ile mbaya ni ya nani?"

"Haijaandikwa jina, nyanya." Akawapa barakoa. "Tunampea oksijeni, halafu tunangoja."

Kupitia dirisha la wodi Kalekye alimwona mtoto na mrija puani, matundu madogo yakipanuka na kuhangaika. Hofu ikamjia, na aibu juu yake. Alikuwa amempa mtoto jina, akampa na mafua.

"Muthoni," Wayua akanong'ona, machozi yakimtoka. "Hiyo pua ni yenu. Chukueni. Bora apone."

"Wacha. Iwe yake. Apumue tu."

Kulipokucha mtoto alinyonya. Mutindi, macho mekundu kwa kukesha, akamleta karibu na dirisha, akawauliza amefanana na nani.

Nyanya wote wawili wakavuta barakoa juu, kila mmoja akafunika pua yake.