Mboga ya Mayi Nabalayo

Wekulo alimbeba mama mkwe wake mgongoni hadi ghorofa ya nne, na wapangaji wakatoka milangoni kumsifu.

"Huyo ndiye mume!" alisema mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili. "Wangu hata mtungi wa gesi ananiachia ngazini."

Mayi Nabalayo alifumba macho njia nzima. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala tangu kiharusi kimpige, na ulimi wake haukutoa neno tena, ila sauti ya chini kama ya mtu anayeguna usingizini. Binti yake, Nerima, aliwafuata nyuma na mfuko wa dawa na blanketi, akidhani macho yale yamefumbwa na uchovu.

Hospitalini muuguzi alikuwa amemweleza polepole. Mama anameza vizuri, wamempima. Kinachotakiwa ni ale, kwa sababu zile dawa ni kali na hazikai kwenye tumbo tupu. "Mkija kliniki Alhamisi tumpate amepungua zaidi, tutamlaza tena na kumtia mpira wa chakula puani." Nerima alijua mpira huo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ametiwa, mikono ikafungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda asiuchomoe. Mayi alikuwa akimtazama mwanamke yule mchana kutwa. Kisha asubuhi moja kitanda kile kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

Jioni ya kwanza hapo Kayole, nyumbani kwake na Wekulo, Nerima alipika uji wa wimbi, akaupoza, akakaa kitandani na kijiko. Mayi alibana midomo. Alimtazama binti yake, akatazama kikombe, akageuza uso ukutani. Maji aliyakubali. Dawa alizimeza kwa maji.

"Amechoka," alisema Wekulo akiwa mlangoni. "Kesho atakula."

Kesho yake hakula. Nerima alikuwa fundi wa cherehani, na alizoea kwamba mashine ikiruka mishono hubadilishi kila kitu kwa pamoja. Unabadilisha sindano, unajaribu. Ikikataa, unabadilisha uzi. Basi akaupika uji tena bila sukari. Akautia ndimu. Akaufanya mwepesi. Aliponda viazi, akachemsha mchuzi wa kuku na kuuchuja kwa kitambaa. Kila mara ule uso ulirudi ukutani, na kila mara jicho moja lilitoka chozi ambalo Nerima alilipangusa bila kujua ni la ugonjwa au ni la mama yake.

Kilichomchanganya ni kwamba hospitalini Mayi alikula. Ule uji wa hospitali, mweupe, usio na ladha wala sukari, aliumaliza mpaka kijiko kikakwaruza kikombe. Kwa hiyo si koo. Si tumbo. Imebaki ladha, Nerima aliamua. Mama ana hamu ya kitu chake.

Na kitu cha Mayi kilijulikana. Ilikuwa saga, ile mboga chungu ambayo Waluo huiita dek, iliyopikwa kwa maziwa siku tatu. Miaka yote aliyokaa Mbotela, katika chumba kimoja cha nyumba za kaunti, wanawake wa kanisa walikuwa wakimwomba awafundishe. Aliwacheka. "Njooni mle. Kupika niachieni mimi." Hata Nerima hakufundishwa, alikaribishwa tu kula. Sasa chumba cha Mbotela kilikuwa na mpangaji mwingine, maana Nerima ndiye aliyerudisha ufunguo mama alipolazwa, na mpishi mwenyewe hakuweza kusema hata neno chumvi.

Alishuka chini kwa Muthoki, anayeuza mboga kwenye kibanda kando ya lango. Jirani yake Phelister, wa mlango wa kuangaliana, alikuwa pale akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Saga?" Muthoki alishtuka. "Mgonjwa unampa uchungu juu ya uchungu? Changanya na kunde, nusu kwa nusu. Mama yangu huko Machakos alifanya hivyo, na sisi watoto tulilamba sahani."

"Usimsikize Mkamba kwa mambo ya dek," alisema Phelister. "Hao wanajua mahindi ya kukobolewa tu."

"Na wewe unajua nini? Ugali wako unaliwa na nyundo!"

Phelister alicheka mpaka omena zikamwagika. "Hiyo ni kweli, siwezi kukataa. Lakini kupika ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Nyanyangu alipika dek nikiwa nimekaa pale pale." Akamgeukia Nerima, akapunguza sauti, akamwita kwa jina la mtoto wake aliyekuwa shule ya bweni. "Mama Jacky, sikiza. Chambua majani, mashina tupa. Chemsha, na yale maji ya kwanza mwaga. Halafu maziwa, kidogo, moto mdogo, na usifunike, ukifunika yanaumuka yote yanamwagika. Acha ilale. Kesho maziwa tena. Keshokutwa tena. Kila siku uchungu unapungua."

"Na magadi?"

"Magadi inalainisha, lakini inaua ladha. Nyinyi wa Bungoma si mna ule munyu wa majivu ya maharagwe?"

Muthoki aliingia nyuma ya kibanda, akatoka na gunia la maganda makavu ya maharagwe. "Chukua. Nilikuwa nitupe."

Nerima aliyachoma maganda yale juu ya paa la jumba, ndani ya karai, bila kuni wala makaa, kwa hofu kwamba jivu lingine lingeingia. Alitoboa mkebe kwa msumari, akaujaza majivu, akamimina maji juu yake na kungoja matone. Yalitoka ya rangi ya chai. Alionja kwa ncha ya ulimi, na kwa mara ya kwanza tangu watoke hospitalini akahisi yuko karibu na jambo.

Kwa siku tatu nyumba ilinukia saga. Mayi alizidi kukonda. Ngozi ya mikono ilianza kukaa kama leso iliyowekwa juu ya kiti. Wekulo, aliporudi kutoka kiwandani, hakujua amsaidie vipi mke wake. Alifikiri, akaamua kwamba mtu akiona mwenzake anakula naye hupata hamu. Tangu hapo kila jioni alivuta kigoda hadi karibu na kitanda, akakaa na sahani yake. "Mama, tazama, nakula. Tule pamoja." Mayi aliuvuta ukingo wa shuka kwa mkono mmoja mpaka ukamfunika paji la uso.

Jumatatu saga ilikuwa tayari. Ilikuwa imekolea, laini, ya kijani kinachokaribia weusi, na maziwa yameganda pembeni kama siagi. Nerima alionja, na akaketi chini jikoni kwa sababu ladha ilikuwa ile ile. Alipakua kwenye bakuli, akaenda nayo kama mtu aliyebeba taa.

Mayi alinusa kabla hajaona. Alifumbua macho. Pua ilicheza. Mkono wake mzima, wa kushoto, uliinuka kidogo kutoka kwenye blanketi, na Nerima akajaza kijiko.

"Eh, leo ni leo," alisema Wekulo kwa furaha, akivuta kigoda. "Mama, hata mimi nimepewa."

Mkono ulishuka. Uso ulirudi ukutani.

Nerima aliweka bakuli sakafuni. "Mayi, unataka kufa?" alisema, na sauti ikapanda bila ruhusa yake. "Niambie basi kama unataka kufa! Nimekosea wapi? Ni chumvi? Ni maziwa? Unataka nikupikie nini?" Wekulo alimshika bega, akamtoa. Ile saga hakuna aliyeila jioni ile.

Asubuhi ya Jumanne Mayi alikuwa amelowesha godoro. Nerima alimsafisha, kisha yeye na Phelister wakamweka kwenye kiti cha plastiki, wakakiinua huku na huku, wakavuka ukumbi mwembamba hadi kwa Phelister, ili godoro lipelekwe juani.

Huko juu ya paa Nerima alilipiga maji, akalisugua, akaliegemeza ukutani. Alibaki pale kidogo akitazama mabati ya Kayole, akihesabu moyoni nini bado hajabadilisha. Sindano, uzi, yote. Hakikubaki kitu. Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Aliporudi kwa Phelister alisikia sahani ikigongagonga. Mayi alikuwa anakula.

Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, bila kusaidiwa, ugali wenye madonge na omena zilizozidi chumvi. Kidevu kilikuwa kimejaa mchuzi. Phelister alikuwa amechuchumaa mbele yake na kikombe cha maji, akiogopa hata kusogea.

"Sikumpa," alinong'ona Phelister. "Niliweka sahani yangu hapo nikaenda kuzima jiko. Nimegeuka, nikaona mkono uko ndani."

Nerima aliegemea mlango. Alitaka kufurahi, na furaha ilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine kinachouma. "Ugali wako," alisema. "Phelister, wa nyundo."

"Haki, hata mimi nimeshangaa."

"Saga yangu aliikataa."

Phelister alimfuta Mayi kidevu. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayeuliza habari za msiba, "Mama Jacky, huyu mama aliwahi kula kwako? Hata zamani, akiwa mzima?"

Nerima alifungua mdomo kujibu ndiyo. Akatafuta siku. Mayi alikuwa akija, ndiyo, lakini daima alikuwa ametoka kula. Daima alikuwa na haraka, ana kikao cha kanisa, chai atanywa huko. Walikula pamoja Mbotela, si hapa.

"Kwetu mama hali kwa mkwe," alisema Phelister. "Wala halali. Mpaka wazee wakae, lile jambo liondolewe kwa heshima. Nyinyi hamna?"

"Tunayo. Lakini ni mgonjwa. Mgonjwa hana mwiko."

"Nani alikuambia? Mwiko hausomi cheti cha daktari." Akapunguza sauti zaidi. "Na ulimuona alivyopandishwa ngazi? Mkwe amembeba mgongoni, kifua chake kwenye mgongo wa mume wa binti yake. Sisi tulipiga makofi. Yeye alifumba macho."

Nerima aliingia kwake, akarudi na sufuria ya saga. Hakutaka kuamini bila kujaribu. Aliweka bakuli mbele ya mama yake, kwenye nyumba ile ya mtu mwingine. Mayi alinusa, macho yakalainika. Kisha akaitazama sufuria, akautazama mlango ule wa upande wa pili ambako ilitoka. Akalisukuma bakuli kwa vidole viwili, taratibu sana, kama anayeomba radhi, na kuivuta tena sahani ya omena.

"Mayi," alisema Nerima, akipiga magoti. "Ni nyumba? Si chakula?"

Mayi alimtazama muda mrefu. Akashusha kope, akaziinua. Halafu akamshika binti yake shavu kwa mkono uliojaa ugali.

Wekulo aliporudi jioni, Nerima alimweleza wakiwa wamesimama jikoni. Hakuongeza wala hakupunguza. Wekulo alisikiliza huku akiuvua mkanda wa saa na kuuvaa tena.

"Nilijua mwiko upo," alisema mwishowe. "Nilifikiri ngazi zimeshaufuta. Ningemwacha chini, Nerima?"

"Hapana."

"Ningekula jikoni tangu mwanzo?"

"Sijui. Hata mimi nilikuwa ndani na sikuona."

"Niwapigie wazee nyumbani. Waje, waseme wanachotaka."

"Hawafiki kabla ya Alhamisi. Na hata wakifika, kuna siku zake, hawafanyi kwa kukimbizwa."

"Basi nilale kwa rafiki. Nitoke."

"Nyumba ni yako hata ukitoka."

Wekulo alizitazama kuta kana kwamba ndiyo kwanza ameonyeshwa. Alikuwa akijivunia nyumba hii, vyumba viwili, choo ndani.

Kwa hiyo jioni ile Nerima alipika kwa Phelister. Alinunua kila kitu upya kwa Muthoki, hata chumvi, na akawasha jiko la Phelister. Saga ya siku tatu haikuwezekana; siku hazikuwepo. Akapika omena. Mayi alikuwa kwenye kiti, karibu na moto, na Nerima alipotaka kumimina maji mdomo uliguna, na mkono wa kushoto ukainuka. Ulisukuma jagi kando. Ulionyesha nyanya, ukafanya ishara ya kuponda, ukaonyesha tena, kwa hasira.

"Nyingi zaidi? Hivi?"

Mguno.

"Anakugombeza," alisema Phelister. "Shukuru Mungu. Mfu hagombezi."

Mayi alikula nusu ya sahani. Alipoanza kusinzia, wanawake wawili walijiandaa kuinua kiti. Kitanda chake bado kilikuwa upande wa pili. Hapa palikuwa na chumba kimoja na watoto watatu, na Odongo, mume wa Phelister, angerudi kutoka safari mwisho wa mwezi. Nerima alifungua mlango kidogo na kuita kwa sauti ya chini, "Tunapita."

Wekulo alitoka nyumbani kwake bila viatu. Alishuka ngazi hadi kwenye kona, akasimama akiuelekea ukuta, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Mayi, juu ya kiti kinachoyumba, alijivuta leso kichwani mpaka ikafunika macho. Walivuka hivyo.

Mayi alipokwisha kulazwa, Nerima alishuka kwa mume wake pale kwenye kona. Hakuwa amegeuka bado.

"Amekula?" aliuuliza ukuta.

"Nusu sahani."

"Inatosha, Alhamisi?"

"Sijui."

"Na tutamvusha hivi mpaka lini?"

Nerima aliketi kwenye kidato cha ngazi. Huko juu, Phelister alikuwa akisugua sufuria na kuwakemea watoto.

"Kesho asubuhi anataka uji," alisema. "Toka mapema, kabla hatujafungua mlango."