Nafasi ya Kiunoni

Msimamizi alipita nyuma ya vyerehani, kama ilivyo ada yake kila asubuhi, akamshika fundi wa kola kiunoni, kisha akaendelea na safari yake. Mkono ukabaki. Ulikuwa wa kulia, wa moto kidogo, na pete kidoleni. Fundi alijaribu kuubandua kwa mkasi, wapi! Akamalizia kola zake. Msimamizi mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Saa ya chakula alikuwa na mikono yake miwili, anakula kwa raha zake.

Tangu siku hiyo mumewe fundi alilala akitazama ukuta. Hilo ndilo lililomchoma fundi. Alitaka jambo moja tu, mkono uondolewe, basi. Akaenda kwa meneja, mtu mpole asiye na makuu.

"Pole sana, dada," meneja akasema. "Sisi sheria tunaifuata. Mafunzo tulitoa, bango lile pale, kamati ipo."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani?"

"Si msimamizi wako? Tena vizuri, mkono atautambua mara moja."

Kamati ikakaa. Msimamizi alikiri bila taabu kwamba mkono ni wake, akaomba arudishiwe pete. Ikavuliwa, akapewa. Kisha kiwanda kikachukua hatua: sare mpya kwa wanawake wote, pana kiunoni, zisionyeshe kitu. Wale wa siku nyingi kazini ziliwabana kiunoni hata hivyo.

Mkaguzi wa serikali alipokuja alizisifia sare. Fundi wa kola akasimama, akapandisha yake mbele ya watu wote.

"Huu hapa, mama."

Mkaguzi akavaa miwani, akainama. "Unauma?"

"Unashika."

"Ulilalamika?"

"Nililalamika."

"Ukasikilizwa?"

"Nilisikilizwa."

"Basi sheria imefuatwa," mkaguzi akasema, na kwa upole kabisa akamshushia sare.

Juma lililofuata akaajiriwa binti wa kushona vifungo, mcheshi, hajatimiza hata miaka ishirini. Fundi wa kola ndiye aliyempima sare.

"Dada, mbona unaniachia nafasi yote hii? Mimi mwembamba jamani!"

Msimamizi alikuwa ameshaingia, anakuja taratibu nyuma ya vyerehani. Fundi alimtazama, akamtazama binti.

"Simama wima," akamwambia, akaongeza inchi mbili.