Goti la Bi Hansa

Nusra alikuwa ameuguza watu Unguja kwa miaka mingi kabla ya kuhamia London, na kule Unguja hakuna aliyewahi kumuuliza kuoga kwa mgonjwa ni dhamana ya nani. Mwaka 1998, alipoanza kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao, hilo lilikuwa somo lake la kwanza.

"Kuoga ni kwa aina mbili, dada," alisema msimamizi wake, Jotham, Mkenya mwenye sauti ya mhubiri, huku kabrasha nene la kanuni likiwa wazi mezani, katika ofisi yao ya Hounslow. "Kuna kuoga kwa afya, na kuoga kwa kawaida. Kwa afya ni sisi wauguzi, na mgonjwa halipi. Kwa kawaida ni halmashauri ya mtaa, na hao huenda wakamtoza."

"Lakini mtu si huoga mara moja tu?"

"Anaoga mara moja. Makaratasi ndiyo yanaoga mara mbili."

Nusra hakucheka. Alikuwa akijaribu kuelewa. "Yule Bi Hansa ana kidonda chini ya goti. Nikimwosha mguu ili nimfunge bendeji?"

"Hiyo ni afya."

"Nikipanda juu ya goti?"

"Hapo umeingia halmashauri."

"Na goti lenyewe?"

Jotham alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Goti, dada, niulize wiki ijayo."

Bi Hansa alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa Unguja na kuondoka na mumewe katika mwaka wa mapinduzi. Aliishi peke yake Hayes, katika nyumba ya chini yenye jiko dogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Darajani alikokulia. Mwanawe, Sanjay, aliyekuwa Leicester, alikwisha kumwambia wazi: siku wauguzi watakapoacha kuja, atamhamishia katika nyumba ya wazee iliyo karibu naye.

"Sanjay ana huruma," alimwambia Nusra, "lakini huko nitalishwa viazi vya kuchemsha, na mlango hautakuwa wangu. Mimi nataka kufungua mlango wangu mwenyewe mpaka siku nitakayotolewa."

Kila alipofika, Nusra alimwamkia, "Hujambo, Bi Hansa?"

"Sijambo, mwanangu, sijui wewe."

Kisha Nusra alikiosha kidonda, akafunga bendeji, akaandika katika faili kwa Kiingereza chake cha uangalifu: Mgonjwa hajambo. Ni mchangamfu. Hana malalamiko.

Hakuandika kwamba kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na kwamba Bi Hansa huwasha udi kabla muuguzi hajabisha hodi. Hakuandika kwamba mama huyo hulala kitini kwa sababu hawezi tena kuunyanyua mguu hadi kitandani. Nusra alilelewa akijua kwamba aibu ya mgonjwa husitiriwa na aliyeiona. Faili lilisomwa na watu asiowajua. Angewezaje kuwafungulia nguo ya mwanamke mtu mzima?

Baada ya majuma kadhaa, Jotham alimwita.

"Dada, huyu mama amepona?"

"Hajapona hata kidogo."

"Kwa faili amepona kabisa! Ni mzima kuniliko. Mkaguzi anakuja Jumatano kuona kama tumwondoe kwenye orodha."

"Basi nitaandika kwamba hali yake ni mbaya."

"Pole pole. Ukiandika ni mbaya sana, watasema hawezi kukaa peke yake. Nyumba ya wazee."

"Na nikiandika hajambo?"

"Watasema hana haja ya muuguzi."

"Na muuguzi asipokuja, Sanjay atampeleka huko huko! Niandike nini basi, Bwana Jotham?"

"Andika kile umeona, dada. Si zaidi, si kasoro."

Nusra alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Aliyoyaona hayakuwa mali yake. Yalikuwa ya Bi Hansa.

Jumatano alifika mapema. Harufu ya udi ilikuwa imejaa hadi ukumbini.

"Bi Hansa, leo nakuomba, usiseme sijambo."

"Nisemeje basi? Mtu anaingia kwangu kwa mara ya kwanza, nimpokee kwa kilio?"

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye koti lililolowa mvua. Alimuuliza Bi Hansa hali yake.

"Mzima kabisa," alijibu Bi Hansa kwa Kiingereza, na kabla Nusra hajasema lolote, akainuka kwenda jikoni bila mkongojo wake.

Nusra aliinuka amfuate.

"Kaa!" Bi Hansa alimkemea kwa Kiswahili. "Unataka mgeni aone kwamba nyumba hii haina mwenyewe?"

Ikasikika iliki ikitwangwa. Baadaye Bi Hansa alitokea na sinia: vikombe vitatu vya chai ya maziwa na bajia alizokaanga tangu asubuhi. Alilitua sinia bila kumwaga tone. Mkaguzi alikunywa, akasifu, akaandika. Nusra alikuwa karibu naye, akayasoma maneno yale kwa jicho la pembeni: Anatembea bila msaada. Anajipikia.

Ndipo Nusra alipotazama chini. Ndara ya Bi Hansa ilikuwa imelowa, na pindo la sari lilikuwa limebadilika rangi.

"Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe," alisema mkaguzi, akafunga faili na kulifuata koti lake.

Kanuni zilimtaka Nusra aseme. Malezi yalimtaka anyamaze. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Hansa.

"Nisamehe. Mwoneshe mguu."

"Nusra! Mbele ya mgeni?"

"Huyu hakuja kunywa chai, Bi Hansa."

"Kila anayeingia kwangu amekuja kunywa chai!"

"Mguu ni wako. Ukisema la, nitanyamaza. Lakini akitoka hivi, na mimi sitarudi."

Bi Hansa aliutazama mlango wake, ule wenye kijitundu cha kuchungulia na mnyororo wa shaba. Kisha akaishika sari kwa mikono yake mwenyewe na kuipandisha hadi gotini. Bendeji ilikuwa imelowa chapachapa, na harufu yake iliushinda udi.

Mkaguzi aliketi tena. Aliuliza kwa sauti ndogo ni lini Bi Hansa alilala kitandani mara ya mwisho.

Bi Hansa aliyaelewa maneno yale vizuri, ila alimgeukia Nusra. "Mwambie wewe. Mwambie tangu sikukuu ya Diwali."

Nusra alimwambia. Alimwambia pia mguu huoshwa hadi wapi na nani, na kwamba juu ya goti Bi Hansa hujifuta mwenyewe kwa kitambaa, akiwa kitini. Alisema vilevile kwamba jiko analimudu, na akili yake ni timamu kuliko zao wote wawili.

Uamuzi ulitoka juma lililofuata. Bi Hansa atabaki kwake. Nusra ataendelea kuja kwa ajili ya mguu, na halmashauri italeta mwanamke mwingine kwa ajili ya mwili uliosalia. Nusra alimuuliza Jotham tena kuhusu goti. Jotham alisema mkaguzi naye amemuuliza swali hilo hilo.

Siku ya kurudi Hayes, mlango ulifunguliwa bila neno. Hapakuwa na udi. Hapakuwa na chai.

"Hujambo, Bi Hansa?"

Nusra alipiga magoti, akafungua bendeji, akaosha taratibu. Maji yalikuwa yamekwisha kupoa Bi Hansa aliposema:

"Mguu unauma. Jana sikupata usingizi. Andika."

Nusra alikausha mikono, akaandika.

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Haya. Funga hilo faili lako, uniamkie upya."

Nusra alilifunga. "Hujambo, Bi Hansa?"

"Sijambo, mwanangu," alisema Bi Hansa, "sijui wewe."