Dakika ya Kumi na Moja

Kwao walimwita Maelezo tangu akiwa na miaka sita, siku alipovunja chupa ya chai na kuanza kujitetea kwa kueleza hali ya hewa ya asubuhi ile. Jina likamganda. Mwingine angeona aibu, lakini yeye alikua, akasoma, kisha akapata kazi ambayo mtu hulipwa kwa maelezo, yaani kuandika tamthilia za televisheni ya mtandaoni.

Jumatatu moja mkuu wa vipindi aliwaita yeye na wenzake kwenye chumba cha mikutano, akawasha skrini ya ukutani. Mkuu huyu haamini machozi wala kicheko, anaamini grafu. Wafanyakazi humwita Bwana Mstari, naye anajua na wala hajali. Sehemu ya kwanza ya tamthilia yao mpya ilikuwa imeonyeshwa kwa watu mia mbili wa majaribio, kila mmoja kwake na simu yake, na mtambo ukarekodi kila mtu alichoka dakika gani akazima.

Mstari ulianza juu, ukaenda vizuri, hata mwandishi wa vichekesho akavuta kiti karibu. Dakika ya kumi na moja ukaporomoka.

"Hapa kuna nini?" Bwana Mstari akauliza, akigonga lile poromoko kwa kalamu.

Hakuna aliyekuwa hajui. Hapo ndipo mdogo mtu anapomwomba radhi dada yake kwa kutofika kwenye harusi yake. Ni hotuba ya dakika tatu na nusu. Maelezo aliiandika peke yake na hakuruhusu mtu aiguse, yeye ambaye hotuba za wenzake huzifyeka bila huruma. Nyani haoni kundule.

"Huo ndio moyo wa hadithi," akasema Maelezo.

"Basi moyo umesimama. Watu mia moja thelathini wametoka. Mmoja amerudi, nadhani alibonyeza kwa bahati mbaya." Bwana Mstari akazima skrini. "Ijumaa tunapiga picha upya tukio hilo moja tu. Likianguka tena, tamthilia inaingia kabatini na nyinyi mtafute pa kwenda."

Mwandishi wa vichekesho, mtu mwenye huzuni ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alimngoja Maelezo kwenye korido.

"Ifupishe," akamwambia.

"Haifupishiki. Kila neno lina sababu yake."

"Basi kaitazame na watu wa kawaida. Usiwaulize kitu. Angalia mikono yao."

Watu wa kawaida aliowajua Maelezo walikuwa wateja wa dada yake. Na hapa pana jambo ambalo hakuwaambia wenzake: ile harusi ilikuwa ya kweli.

Miaka saba iliyopita dada yake, fundi cherehani, aliolewa, na Maelezo ndiye aliyekuwa mpambe wake. Asubuhi ile ikaja simu. Mtayarishaji mmoja alikuwa tayari kusikiliza hadithi yake kwa nusu saa, siku hiyo tu. Akaenda. Nusu saa ikazaa masaa manne. Dada mtu alikataa kuingia ukumbini bila mdogo wake, akasimama mlangoni na shela yake masaa mawili mazima, wageni wakimpita na kumwangalia kwa huruma, mpaka jirani akasukumwa mbele asimame pembeni yake. Maelezo alifika viti vinakunjwa. Na hadithi yenyewe mtayarishaji hakuichukua.

Tangu hapo kila mwaka amemweleza dada yake: foleni, simu iliyozima, ugumu wa kupata nafasi ya kwanza kwa mtu asiye na wa kumshika mkono. Na kila mwaka dada humjibu neno moja, "Yameisha," huku akitazama pengine. Akufukuzaye hakwambii toka, na asiyesamehe husema yameisha. Wanajuliana hali, watoto wa dada humwita mama mdogo, ila wao wawili hawajacheka pamoja tangu siku ile. Jambo hilo lilimuuma Maelezo kuliko alivyokubali. Alipoandika ile hotuba alijiambia ni sanaa, lakini moyoni alitaka dada aione, aelewe, amrudie.

Jumatano alifika dukani na tableti, akaiegemeza kwenye marobota ya vitambaa. Palikuwa na wateja wawili tu. Mwalimu mstaafu alikuwa anangoja suruali yake ipunguzwe kiuno, na nesi alitaka mfuko mkubwa zaidi kwenye sare. Dada alikuwa anadarizi tundu za vifungo kwa mkono.

"Kuna tamthilia ya rafiki yangu wa kazini," akasema Maelezo. "Tuangalie wakati mnangoja."

Kisha akakaa pembeni kuangalia mikono. Kwa dakika kumi mikono ilitulia mapajani. Nesi alicheka mara mbili. Mwalimu alimwonya mhusika mmoja kwamba anaibiwa, na alipoibiwa kweli akasikitika kama ni mpwa wake. Sindano ya dada ilisimama kabisa.

Ikafika dakika ya kumi na moja.

"Dada yangu," akaanza yule mdogo mtu kwenye skrini, "kabla hujanihukumu, naomba uelewe mazingira niliyokuwa nayo asubuhi ile..."

Nesi akatoa simu yake. Mwalimu akasimama, akajinyoosha, akauliza choo kiko upande gani, na choo hicho amekitumia miaka kumi. Dada akaacha vifungo, akavuta suruali, akakanyaga cherehani. Duka likajaa mngurumo.

Mwalimu alisita mlangoni. "Hivi huyu binti anaomba radhi au anaomba kura?"

Nesi alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Anatoa sababu zake," Maelezo akasema. "Mtazamaji asipozijua atamchukia."

"Mimi nilikuwa simchukii," nesi akasema. "Nimeanza sasa hivi. Pale wodini ndugu akija na maelezo ya kwa nini jana hakuja, mgonjwa anageukia ukutani. Anayekuja akakaa kimya pembeni ya kitanda ndiye anayeshikwa mkono."

"Aliyeandika haya," akasema dada, bila kuinua macho wala kusimamisha mguu, "hajawahi kumwomba mtu radhi maishani mwake."

Masikio ya Maelezo yakawaka moto. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akiwalaumu watazamaji kwa haraka yao, kumbe wale mia moja thelathini walikuwa wamefanya kile ambacho dada yake amekifanya miaka saba, wamegeuza uso. Akarudisha nyuma akasikiliza kwa sauti ndogo, akihesabu. Mle ndani mlikuwa na "kwa sababu" kumi na moja na "nimekukosea" hakuna hata moja.

Wateja waliondoka na nguo zao. Wakabaki dada na mdogo wake.

"Dada, ile siku, unajua mimi nilikuwa..." Akajisikia anaeleza, akanyamaza. Akaanza upya. "Ulinisubiri mlangoni. Sikuja. Nilikukosea."

Akaishia hapo, na kuishia hapo kulimtoa jasho. Neno "lakini" lilimjia kinywani, akalimeza. Likarudi na foleni, likarudi na simu iliyozima, akavimeza vyote kama vidonge bila maji.

Cherehani ikanyamaza. Dada akamtazama usoni, kwa muda mrefu. Hakusema yameisha.

"Unanizibia mwanga," akasema.

Maelezo akasogea. Dada akaendelea kushona, na siku hiyo hawakusema kingine.

Ijumaa alipeleka karatasi yenye mistari mitatu. Mwigizaji wa mdogo mtu aliigeuza nyuma kutafuta hotuba yake.

"Maneno yangu yako wapi? Nimeyakariri wiki mbili."

"Pole. Yalikuwa yangu, hayakuwa yako."

Bwana Mstari alisoma mara mbili. "Na dada mtu anajibu nini?"

"Hajajibu."

"Mwandikie ajibu, basi. Wakumbatiane, tuweke na muziki."

"Siwezi. Sijui atasema nini."

"Mwandishi si wewe?"

"Ndiyo. Lakini hilo analijua dada mtu."

Bwana Mstari aliguna, ila muda ulikuwa umekwisha. Wakapiga picha hivyohivyo: mistari ile mitatu, kisha uso wa dada mtu, kimya, kisha mlango. Sehemu hiyo ikaonyeshwa kwa watu wengine mia mbili, na safari hii mstari ukapita dakika ya kumi na moja bila kutikisika. Waliotoka walikuwa watano. Mwandishi wa vichekesho alitabasamu, na aliyekuwa jirani yake akamuuliza kama anaumwa.

Tamthilia ikatoka. Watu wakaisifu, Bwana Mstari akaagiza sehemu zaidi, na kila mtu kazini alimpongeza Maelezo isipokuwa mmoja ambaye hakuwa kazini. Wiki ya kwanza dada hakupiga simu. Ya pili vilevile. Maelezo alianza kuzoea kwamba ndivyo itakavyokuwa, na kuzoea huko kulimliza mara moja, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Wiki ya tatu simu ikaita.

"Nimeiona ile tamthilia ya rafiki yako," dada akasema. Nyuma yake cherehani ya msaidizi ilikuwa inanguruma. "Kapunguza maneno."

"Kapunguza."

"Mbona huyo dada mtu hajibu?"

"Mwandishi anamsubiri."

Maelezo alisikia mlango ukifungwa na mngurumo ukabaki mbali.

"Jumapili njoo ule kwangu. Saa sita. Na nikisema saa sita..." Dada hakumalizia.

"Nitafika," akasema Maelezo, akakata simu haraka kabla hajaanza kueleza.

Jumapili alikuwepo mlangoni saa nne na nusu. Palikuwa pamefungwa, na shemeji na watoto walikuwa wametoka. Akakaa kizingitini, begi mapajani. Majirani walimpita mmoja mmoja wakimuuliza kulikoni, mbona anaunguzwa na jua, wenyewe wamemkimbia? Kila mmoja angeweza kupewa kisa kizima. Yeye aliwajibu sawasawa wote, "Namsubiri dada yangu," ingawa baadhi walimtazama kwa huruma.

Saa sita kamili dada alitokea kwenye kona na vikapu viwili. Alipomwona akasimama. Akaja taratibu.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Nne na nusu."

Dada akatazama saa yake, midomo ikimcheza.

"Mimi nilisimama masaa mawili," akasema. "Bado nusu saa."

Akaweka vikapu chini, akakunja gauni lake, akakaa naye pale kizingitini, bega kwa bega. Funguo zilikuwa mkononi mwake. Wakaanza kucheka, wakaingojea nusu saa iishe.