Hodi Nyumba Namba Kumi na Nne

Maji ya mafuriko yalikuwa yameacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima, na chini ya mstari huo Maftaha alikuwa akikaa eda ya mumewe, Yunusu. Katika nyumba yao ya bondeni, Somanga, kilichobaki ni chumba kimoja. Yunusu aliomba nyumba ya halmashauri miaka mitatu nyuma, akaifuatilia mpaka kandambili zikalika visigino. Jibu lilikuja yeye keshazikwa.

Lililetwa na Valentini, afisa wa nyumba, mtu wa bara, mpole, mwenye uso wa aliyekwisha kusikia shida za kila namna.

"Namba kumi na nne, kule mlimani," alisema, akiuweka ufunguo juu ya mkeka. "Lakini mama, Ijumaa alfajiri nitapita kukagua. Atakayekutwa amelala ndani ndiye atakayeandikwa. Ikikutwa tupu, anapewa mwingine."

"Nimebakiza siku arobaini na moja, baba. Mchana naweza kutoka kwa dharura. Usiku sharti unikute hapa aliponiacha marehemu."

"Pole, mama."

"Na akilala mtu kwa niaba yangu?"

Valentini aliifungua fomu, akaipitishia kidole toka juu hadi chini. "Humu hamna mahali pa kuandika niaba."

Alipoondoka, Maftaha alimwita Zakia, jirani ambaye tangu mafuriko alikuwa akilala na wanawe wanne katika ghala la korosho. Alimkabidhi ufunguo.

"Akija, mwambie unanishikia."

Zakia aliapa, machozi yakimlengalenga. Maftaha hakujua kama yalikuwa ya shukrani, au ya aibu kwa jambo ambalo lilikuwa bado halijatendeka.

"Wifi," alisema Shamimu, dada wa marehemu, akipepeta mchele mlangoni, "umempa ulinzi au umempa nyumba?"

"Nimempa ufunguo."

"Haya. Siku ukitafuta wa kukushikia bahati, usinisahau na mimi."

Maftaha alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chenyewe kikamchosha.

Siku zilijikokota. Mwanzoni aliipanga nyumba kichwani: kitanda huku, mtungi kule. Zakia alikuja kumjulia hali mara mbili, kisha hakuja tena. Kila Maftaha alipoingia katika vyumba vile vya mawazoni, aliwakuta watoto wanne wamelala. Alijaribu kuwatoa. Hakuweza hata kuwaamsha.

Asubuhi ya kutoka eda alioga, akasomewa dua, akajitwika mkeka na kuupanda mlima polepole. Uwanja wa namba kumi na nne ulikuwa umefagiliwa hadi mchanga ukabaki na michirizi ya chelewa. Sare nne za shule zilianikwa kambani. Juu ya mlango halmashauri ilikuwa imebandika karatasi yenye jina la mkazi. Miaka miwili ya kisomo cha watu wazima ilimtosha kulisoma jina lolote. Aliinamisha macho.

"Hodi," alisema.

Ndani, sufuria iliwekwa chini.

"Karibu," ilijibu sauti ya Zakia, taratibu, kama ya mtu aliyeingojea hodi hiyo siku nyingi. "Mlango uko wazi."

Maftaha aliutua mkeka, akauegemeza ukutani. Ukuta wote ulikuwa mweupe, hauna mstari. Akakaa kizingitini kwanza, apumzike, kabla ya kuinua macho.